Taarifa fupi si dharau: jibu kwa katibu wa chama cha wakulima, Moshi

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huku Kibosho, Moshi. Kila mwaka naandika taarifa ya bodi na kuisoma kwenye mkutano mkuu. Ya mwaka jana ilikuwa na kurasa 11, nikaisoma karibu saa nzima, na vijana wakalalamika kwamba hawakuambulia kitu. Mwaka huu nilitaka kuifupisha. Mwenyekiti wangu, mzee ninayemheshimu sana, akasema taarifa fupi ni dharau kwa wanachama, tena watu watadhani tunaficha jambo. Nimekuambatishia aya moja uione. Je, nifupishe? Nifupisheje? Na mzee nimjibu nini?"

Jibu: Marahaba, Katibu. Fupisha. Ila usimpuuze mwenyekiti wako, kwa sababu hoja zake zote mbili, ya heshima na ya kuficha, zina uzito. Ukifupisha bila kuzijibu utaishia kufanya lile lile analoliogopa.

Nianze na heshima. Kwetu mtu haanzi na haja yake. Ukienda kwa jirani kuazima ngazi, unabisha hodi, unasalimia, unawaulizia watoto, unamuulizia bibi aliyekuwa anaumwa miguu, mnaongea habari ya mvua, ndipo unaitaja ngazi. Anayeingia na kusema "niazime ngazi" hasifiwi kwa ufupi wake, anaonekana hakulelewa. Wapo wanaofundisha uandishi siku hizi ambao kitu cha kwanza wanachokukatisha ni salamu. Sikubaliani nao hata kidogo. Salamu za mkutano mkuu hazimalizi dakika tatu. Mshukuru Mungu, mtaje mgeni rasmi, wasalimie wazee, soma majina ya wanachama waliofariki tangu mkutano uliopita, watu wasimame. Hayo yabaki yote. Na orodha ya waheshimiwa inapozidi kipimo, Watanzania tumeshajipatia njia ya mkato ambayo kila mtu anaikubali: "itifaki imezingatiwa." Maneno mawili, na hakuna anayenuna.

Tena mkumbushe mzee kwamba ufupi ni mali ya wazee kabla haujawa ya vijana. Walipotaka neno lidumu walilipa vipande viwili tu: haba na haba, hujaza kibaba. Walipotunga shairi la tarbia walijifunga kwa mizani 16 kila mshororo, nane upande huu na nane upande ule, mishororo minne, ubeti umekwisha. Mtunzi aliyebaki na neno la ziada hakuongeza mshororo. Alitafuta neno lingine.

Kwa hiyo urefu unaowachosha watu wako hauko kwenye heshima. Uko kwenye aya kama hii uliyonitumia:

"Ndugu wanachama, katika kipindi cha msimu uliopita, chama chetu kimekuwa kikikabiliana na changamoto mbalimbali katika suala zima la ukusanyaji wa kahawa kutoka kwa wanachama, ikiwa ni pamoja na changamoto ya upatikanaji wa magunia kwa wakati, jambo ambalo kwa namna moja au nyingine lilipelekea kuchelewa kwa zoezi la usafirishaji wa kahawa kwenda kiwandani, hali iliyosababisha malipo ya pili kutofanyika kwa wakati kama ilivyokuwa imepangwa. Hata hivyo, bodi inaendelea kufanya jitihada za makusudi za kuhakikisha kwamba suala hili linapatiwa ufumbuzi wa kudumu."

Nimeihesabu: maneno 80. Sasa jiweke kwenye benchi la nyuma ukumbini, jua limepanda, huna karatasi mkononi, unasikiliza kwa masikio tu. Unasikia changamoto, unasikia magunia, unasikia zoezi. Jambo lililokutoa nyumbani, yaani kwa nini hujalipwa, linafika baada ya maneno 54, na likifika limejificha ndani ya "kutofanyika".

Tuichambue polepole, maana karibu kila ugonjwa wa taarifa zetu umo humo.

Tazama "jambo ambalo" na "hali iliyosababisha". Hizo ni ndoano. Mwandishi amefika mwisho wa wazo, anaona haya kuweka nukta, anatupa ndoano na kuvuta wazo jingine. Mwenye karatasi hasumbuki sana, anaweza kurudi nyuma akasoma tena. Msikilizaji hawezi. Kiswahili kinamtaka ashike kiambishi: hilo "li" la "lilipelekea" linarudi kwa "jambo", na "jambo" linarudi kwa kitu gani? Magunia? Kuchelewa kwake? Changamoto zote mbalimbali? Wakati anatafuta, wewe umeshafika kiwandani. Wakalimani wa papo kwa papo wanaijua adha hii kuliko sisi wote, na hapa Arusha kazi yao si ngeni: Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda ilisikiliza kesi mjini hapa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kinyarwanda hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Mkalimani anayesubiri kitenzi ambacho msemaji hataki kukitoa yuko kwenye mateso. Wanachama wako nao wanasubiri hivyo hivyo, tofauti ni kwamba wao hawalipwi kwa kusubiri.

Dawa yake haihitaji mtu anayependa sarufi. Kila unapokuta "jambo ambalo" au "hali iliyo-", weka nukta. Anza sentensi mpya kwa kukitaja kitu chenyewe. Fanya hilo peke yake kwenye kurasa zako zote 11, kabla hujafuta neno lolote, kisha msomee mtu kwa sauti uone.

Halafu vitenzi vyako vimegeuzwa majina. Kukusanya kumekuwa "suala zima la ukusanyaji", kupata kumekuwa "upatikanaji", kusafirisha kumekuwa "zoezi la usafirishaji", na kujitahidi kumekuwa "kufanya jitihada za makusudi". Katibu, kitenzi cha Kiswahili ni hazina. Ndani ya "tutawalipa" yumo anayelipa, wamo wanaolipwa, na umo wakati. Neno moja, habari tatu. Ukiandika "malipo yatafanyika" umeongeza neno na umewapoteza watu wote wawili, mlipaji na mlipwaji. Lugha yetu ilizaliwa fupi. Tumeirefusha sisi, kwa mtindo wa barua za ofisini na taarifa za habari, tukidhani ndivyo mtu msomi anavyosikika. Ukisikiliza wanachama wako wakizungumza kwenye mzani wa kahawa, hakuna anayesema "upatikanaji wa magunia". Wanasema magunia hayajaja.

Na "changamoto". Magunia kuchelewa ni changamoto, mvua kunyesha wakati wa kuanika ni changamoto, na karani kutoroka na fedha ni changamoto pia. Neno hilo halimwambii mwanachama kama aone huruma au aite polisi. Andika kilichotokea.

Mengine, kama "kimekuwa kikikabiliana", "kwa namna moja au nyingine", "ikiwa ni pamoja na", futa tu. Hakuna atakayeyatafuta.

Aya yako sasa inasomeka hivi:

"Ndugu wanachama, malipo ya pili yamechelewa. Magunia yalichelewa kufika, kwa hiyo kahawa ikachelewa kwenda kiwandani. Bodi itawalipa tarehe ........ Magunia ya msimu ujao bodi itayaagiza kabla ya mwezi wa ........"

Maneno 28, ukiacha nafasi mbili nilizoziacha wazi. Na hizo nafasi mbili ndizo zilizonifanya nikujibu kwa kirefu namna hii. Sikuzijaza kwa sababu aya yako haina tarehe, na nashuku hata bodi haina. "Jitihada za makusudi" na "ufumbuzi wa kudumu" vilikuwa vimekaa mahali pa tarehe. Mara nyingi mno urefu wa taarifa ni alama ya uamuzi ambao haujafanyika. Bodi haikuamua italipa lini. Katibu akaambiwa "andika kitu". Kalamu ikaziba pengo. Hukumdanganya mtu. Lakini maneno mengi yamelifunika pengo vizuri kiasi kwamba hata wewe uliyeandika huenda hukuliona. Ukifupisha, pengo linabaki wazi mezani, na inabidi urudi kwa bodi ukaulize. Hapo ndipo kazi ngumu ya ufupi ilipo. Kufuta maneno mtu yeyote anaweza akiwa na peni nyekundu na nusu saa.

Hii inanifikisha kwenye hofu ya pili ya mzee, kwamba watu watadhani mnaficha. Ana haki ya kuogopa, kwa sababu upo ufupi wa kuficha. Umeuona kwenye hesabu za vyama: mstari mmoja, "matumizi mengineyo", na mbele yake fedha nyingi kuliko za usafiri. Maneno mawili, hakuna kilichosemwa. "Fedha zilitumika." "Uamuzi ulifikiwa." "Mzigo ulipotea." Sentensi fupi kabisa, na ndani yake hakuna binadamu aliyefanya kitu. Kwa hiyo idadi ya maneno isiwe kipimo chako cha kwanza. Kwenye taarifa ya chama kuna mambo ambayo hayakatwi hata ukibakiwa na nusu ukurasa: nani, kiasi gani, lini. Ukiliondoa mojawapo umeficha, na mzee atakuwa sahihi kukukataza.

Najua utauliza: na majedwali je? Kilo zilizokusanywa, bei za mnada, makato, ushuru, malipo ya awali? Hayo yasisomwe, yabandikwe. Tarehe 9 Agosti 1940, katikati ya mashambulizi ya ndege za Ujerumani, Waziri Mkuu wa Uingereza, Winston Churchill, aliwaandikia wenzake wa baraza la vita waraka mfupi kuhusu jambo hili hili. Alilalamika kwamba kazi yao inawalazimu kusoma makaratasi mengi, na karibu yote ni marefu kupita kiasi. Akataka hoja kuu ziwekwe kwenye aya fupi, na uchambuzi mzito au takwimu viende kwenye kiambatisho. Akataka pia mafungu ya maneno ya kujazia yaondolewe kabisa, au neno moja lichukue nafasi yake. Ninachokipenda kwenye waraka ule ni kwamba haukutaka habari ipungue. Ulitaka kila habari ikae mahali pake, hata vitani, wakati ambapo kisingizio cha kuficha kilikuwepo tele.

Basi fanya hivyo. Andika ukurasa mmoja au miwili ya kusomwa. Majedwali yabandike ofisini wiki nzima kabla ya mkutano, yachapwe kwa herufi zinazosomeka, na siku ya mkutano yahamishie ukutani ukumbini. Anayetaka kukagua atakuja na miwani yake, atatafuta mstari unaomhusu, atapiga hesabu kwa kalamu. Hakuna anayeweza kukagua hesabu kwa kuzisikia zikisomwa mbiombio na mtu aliyesimama mbele. Kusoma jedwali zima kwa sauti ndiko kuficha kwenyewe, hata kama hukukusudia, kwa sababu kila mtu atakuwa shahidi kwamba lilisomwa na hakuna atakayekuwa amelielewa.

Sasa nikuambie kwa nini jambo hili naliona zito kuliko mapambo ya lugha. Chukua mkutano mkuu wa kawaida. Umeitwa saa 4 asubuhi, umeanza saa 5. Taarifa zinasomwa mpaka saa 7 na nusu. Mapato na matumizi yanamalizika saa 8 na ushee. Hapo wa kwanza kuinuka ni akina mama: ng'ombe wako bandani na majani hayajakatwa, watoto wanarudi kutoka shule. Wanafuata wazee wenye sukari ambao hawawezi kukaa na njaa. Wanafuata wanaotoka vitongoji vya juu, ambao usafiri wao haurudi jioni. Ajenda ya ukomo wa madeni na ile ya makato mapya zinafika saa 9 na nusu, zinapigiwa kura na waliobaki. Akidi ilihesabiwa asubuhi.

Hakuna aliyemfukuza mtu. Urefu wa taarifa ndio uliochagua nani apige kura, na ulichagua bila kuulizwa. Mara nyingi walioondoka ndio wale wale wanaochuma hiyo kahawa na kuianika. Mzee anaposema taarifa fupi ni dharau kwa wanachama, muulize kwa upole: mama aliyeondoka saa 8 bila kupiga kura, yeye tulimheshimu?

Nikitaka mfano wa maandishi ya chama yaliyowajali wasikilizaji, siendi mbali na ninapoishi. Kaloleni, hapa Arusha, kuna makumbusho ya Azimio la Arusha. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini hapa tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Watu wanabishana hadi leo juu ya siasa yake, na wabishane. Mimi naitazama kazi ya kalamu. Azimio zima si fupi. Lina sehemu tano, na ile inayozungumzia kujitegemea inaeleza kwa kirefu, inarudia, inatoa mifano, kwa sababu pale kazi ilikuwa kuwashawishi watu waache kuitegemea fedha ya wengine. Kushawishi kunahitaji nafasi. Lakini inapofika sehemu ya mwisho, masharti ya uongozi, mwendo unabadilika kabisa. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Asiwe na mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha.

Mkulima asiyejua kusoma angeweza kuyasikia redioni mara moja na kumsimulia jirani yake bila kukosea. Na kiongozi mwenye nyumba za kupangisha alijua siku hiyo hiyo kwamba ameguswa. Hebu fikiri tungeyaandikaje leo: "viongozi wahimizwe kuzingatia misingi ya uadilifu katika suala zima la umiliki wa mali." Nani ameguswa hapo? Hakuna hata mmoja, na kila mmoja angepiga makofi. Hata masharti yale yalipolegezwa kule Zanzibar mwaka 1991, ilikuwa rahisi kueleza nini kimelegezwa, kwa sababu kilikuwa kimeandikwa waziwazi tangu mwanzo.

Kwa hiyo kwenye taarifa yako tenganisha mambo haya. Mahali mnapotaka wanachama wakubali jambo jipya, tuseme kung'oa mibuni mizee na kupanda aina mpya, eleza kwa nafasi, toa mfano wa shamba wanalolijua, jibu wasiwasi wao mmoja mmoja. Usione haya kuwa mrefu hapo. Mahali mnapotoa maagizo au mnapotoa hesabu ya mlichofanya, sentensi moja kwa jambo moja.

Hukuniuliza kuhusu ujumbe wa simu, lakini katibu yeyote wa chama siku hizi anautuma, na pale ufupi una bei ya shilingi. Ujumbe mmoja wa kawaida unabeba herufi 160, nafasi na alama zikiwemo. Ukizidisha hata moja, ujumbe unagawanyika, na kila kipande kinabeba 153 tu, kwa sababu sehemu inatumika kuviunganisha. Wanachama 600, umelipia ujumbe 1,200. Upo na mtego ambao wengi hawaujui: ukinakili maandishi kutoka kwenye kompyuta yakiwa na ritifaa iliyopinda, kwenye ng'ombe au kung'oa, mara nyingi ujumbe wote unahamia mfumo mwingine wa herufi na nafasi zinashuka hadi 70. Tumia ritifaa iliyonyooka. Nakupa mfano unaoweza kuutumia:

"Habari mwanachama. Tunapokea kahawa Jumanne saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Njoo na kadi ya uanachama. Kahawa isiyokauka haitapokelewa. Swali: mpigie Katibu."

Ni herufi 159, na salamu imo.

Kuhusu kuzungumza, sina mengi, kwa sababu ukishaandika vizuri kwa ajili ya sikio umemaliza sehemu kubwa. Sikio hushika machache. Mwaka 1978 Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa juu ya uvamizi wa Idi Amin, watu waliondoka na mambo matatu, uwezo, sababu na nia, na wazee wanayataja mpaka leo. Kwenye mkutano, mjumbe anayekubaliana na aliyetangulia asirudie hotuba nzima. Maneno ya bungeni yapo na yanatosha: naunga mkono hoja. Mwenyekiti akiyazoesha hayo, utaokoa nusu saa bila kumnyima mtu nafasi.

Msibani ni tofauti, na hapo nakuomba uwe mwangalifu. Ratiba ya mazishi ya kwenu unaijua: ibada, wasifu wa marehemu, salamu za rambirambi, kisha kaburini kwenye kihamba, shamba la ukoo. Wasifu usiufupishe. Watu wamesafiri usiku kucha kutoka Dar es Salaam kuja kusikia maisha ya mtu wao, na dakika hizo ni haki yake. Zinazozidi ni salamu. Wa saba anasimama kurudia ya wa pili: marehemu alikuwa mchapakazi, mcheshi, mpenda watu. Ukisimama kwa niaba ya chama, sema unawawakilisha akina nani, taja jambo moja ambalo chama peke yake kinalijua, toa pole, kabidhi rambirambi, keti. "Jirani yake alipovunjika mguu, yeye ndiye aliyembebea kahawa hadi mzanini msimu mzima." Familia itaikumbuka sentensi hiyo, na wajukuu wataambiwa.

Sasa mzee. Usimwendee na neno "fupisha", maana ameshalikataa mbele yako na ni vigumu kwa mtu mzima kugeuka. Mwendee na karatasi. Mchapishie kwa herufi kubwa taarifa ya kurasa mbili, salamu zote zikiwa mwanzoni kama anavyozipenda, na majedwali ya kubandika yakiwa kando, yote, hata hayo ya matumizi mengineyo yakiwa yamefunguliwa mstari kwa mstari. Mwombe aisome mwenyewe kwa sauti, kwa sababu ni taarifa ya bodi yake na jina lake litakuwa chini. Sidhani kama ataona dharau ndani yake. Akifika kwenye nafasi zilizo wazi atakuuliza mbona hapa hapajaandikwa. Mwambie ukweli: hapo panataka tarehe, na tarehe ni ya bodi, katibu hawezi kuitunga. Mwombe aitishe kikao kabla tangazo la mkutano mkuu halijatoka.

Kikao kikiamua, jaza. Kisipoamua, usirudi kwenye maneno 80. Andika hivi: "Bodi bado haijaamua tarehe ya malipo ya pili. Itaamua kwenye kikao chake kijacho," na utaje siku ya kikao. Itakuwa vigumu kuisoma mbele za watu. Lakini mwanachama anaweza kusimama akauliza swali juu ya sentensi hiyo, na bodi ikalazimika kumjibu. Juu ya "jitihada za makusudi" hana pa kuanzia.